Kutoka Sitini Hadi Sabini

Baba yangu hutengeneza meno. Hazibi wala hang'oi; hiyo ni kazi ya Daktari, mwenye koti jeupe na kiti kinachopanda na kushuka. Baba ana stuli, aproni ya plastiki na chumba nyuma ya kliniki ya Daktari, kilichotenganishwa na benchi la wagonjwa kwa pazia la kijani. Daktari anachukua kipimo cha ufizi, Baba anakimiminia plasta, anapanga meno kwenye nta, mgonjwa anakuja kuyajaribu, kisha nta inageuzwa plastiki ya pinki kwa kuchemshwa ndani ya sufuria ambayo Mama ameapa haitarudi jikoni kwake. Nikitoka shule napitia hapo kufanya kazi zangu za darasani, maana nyumbani hakuna utulivu. Hapo napo hakuna utulivu, ila kuna meno, na meno yakiwa mezani hayana maneno.

Mteja hakabidhiwi meno mpaka afanye mtihani. Mtihani ni mmoja kwa wote, uwe hakimu au muuza mkaa: hesabu kutoka sitini hadi sabini. Baba anasema herufi zote zinazowashinda watu wenye meno mapya zimepanga foleni hapo. Ukivuka sitini na sita na sitini na saba bila kupiga mluzi, bila kurusha mate, na bila meno ya juu kushuka kusalimiana na ya chini, umefaulu. Baba atasema, "Yamekaa," na wewe utatafuta kioo.

Yeye mwenyewe alikuwa na meno mazuri kuliko wote mtaani, yamenyooka kama askari kwenye gwaride. Wagonjwa walikuwa wakimwambia Daktari, "Mimi nataka kama ya fundi wako."

Sasa, katika mji wetu kuna jambo ambalo kila mtu analijua, kama anavyojua kuwa mvua inalowesha: watu wa Juu wana mambo. Juu ni kule milimani, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mjini wamejaa, ingawa ukiuliza humpati hata mmoja. Ukimpangisha mtu wa Juu chumba, asubuhi utawakuta kumi uani wanapiga mswaki. Mtu wa Juu akilisifu shati lako, lianue. Mtu wa Juu hakujibu, anakuzungusha mpaka usahau uliuliza nini. Halafu wana mwanya. Mtu mwingine akiwa na mwanya husifiwa, huambiwa ni mzuri. Mtu wa Juu akiwa nao unakuwa ushahidi.

"Ule si mwanya," Daktari hupenda kusema, "ule ni mlango usio na komeo. Siri haikai mle."

Daktari si mtu mbaya. Ana vichekesho vingi vya watu wa Juu na huvitoa akiwa ameshika sindano ya ganzi, kwa hiyo wagonjwa hawana budi kucheka. Lakini aliyekuwa akicheka kuliko wote ni Baba. Kicheko chake kilitoka nyuma ya pazia kabla kichekesho hakijaisha, kama mtu anayewahi foleni.

Baba ni mtu wa Juu.

Nilikuwa nalijua hilo kama unavyojua kwamba nyumba yenu ina choo: ni kweli, lakini hutangazi. Alikuja mjini akiwa na miaka kumi na minne, kusoma. Akiulizwa kwao ni wapi, alijibu, "Hapa hapa," akionyesha sakafu. Tulipotafuta nyumba ya kupanga, Mama, ambaye amezaliwa mjini, ndiye aliyekwenda kuongea na mwenye nyumba. Nyumbani tunaongea Kiswahili tu. Katika lugha ya Baba mimi nilijua neno moja, lile linalomtoka akijigonga kidole kwa nyundo.

Mama yake, yaani Bibi, alikuwa akipiga simu kutoka huko Juu, na Baba alipokea akiwa karakana. Kwanza aliwasha mashine ya kusagia meno, ile inayolia kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Ikishanguruma vizuri ndipo aliweka simu sikioni, mgongo akiuelekeza kwenye pazia. Wagonjwa benchini walisema, fundi yule hana mchezo, hata simu ikiita ndio kwanza anaongeza kazi. Daktari alimtolea mfano kwa wauguzi.

Na mimi nilikuwa na mwanya. Nilipokuwa darasa la sita Baba akanitengenezea waya wa kuufunga. "Ni kwa ajili ya afya," alisema. "Chakula kinakwama." Chakula hakikuwahi kunikwama, lakini fundi ni yeye. Mwanya ukafunga, nikabaki na waya wa kulalia. Wazazi wengine huuliza, "Umesali?" Wangu aliuliza, "Umevaa waya?"

Mambo yalianza Bibi alipoteleza kisimani akang'oka meno ya mbele, na yaliyobaki yakaona hakuna haja ya kuendelea. Bibi anaishi na mdogo wake ambaye sisi tunamwita Bibi Mdogo. Bibi Mdogo haoni. Macho yalimzimika siku nyingi. Dunia anaijua kwa masikio, na sehemu kubwa ya dunia yake ni Bibi akiongea: leo mawingu yametanda huku, kuku kapanda mezani, usikanyage hapo pana maji. Bibi alipobaki na ufizi mtupu akaanza kuona haya. Maneno yalimtoka kama uji. Akanyamaza. Bibi Mdogo akapiga simu kushtaki kwamba nyumba imekuwa kama ghala, anaishi na mtu anayepumua tu.

"Mtengenezeeni mwenzangu mdomo," aliagiza.

Hicho ndicho kilichomleta Bibi mjini, na ndicho pekee alichokitaka: arudi na meno ya kuongea na mdogo wake. Habari ya kula hakuijali. Alisema hata kwa ufizi mtu anakula, ni suala la subira tu.

Tulimpokea kituo cha mabasi, Baba na mimi. Baba alitabasamu. Bibi akamshika kidevu, akamtazama mdomoni muda mrefu kama mtu anayenunua mbuzi, akauliza kitu kifupi kwa lugha yao.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama nimekula," alisema Baba, na akaenda kuinua mizigo.

Nikaona ni swali la kawaida la mama kwa mwanawe. Ila sikuelewa kwa nini jibu lake lilikuwa ni kuinua mizigo.

Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha sokoni: bei, namba, punguza, siongezi, nenda salama. Kwa mengine mkalimani alikuwa Baba, na sijaona mkalimani mvivu kama yeye. Mbele ya mwanawe haya zilimtoka: Bibi aliweza kuongea tangu birika linawekwa jikoni mpaka linachemka, mikono ikipanda na kushuka, halafu Baba anasema, "Anashukuru."

"Yote hayo?" Mama akauliza.

"Lugha yetu ni ndefu."

Baada ya siku chache nikagundua kwamba hakuwa mvivu. Bibi ndiye aliyeniambia, tukiwa tunachambua mchele. "Baba yako," alisema, "anaongea kitoto." Baba aliondoka Juu na miaka kumi na minne, na lugha yake ikabaki na umri huo. Alikuwa na maneno yote ya manati, ya mbuzi, ya kuiba mayai, ya kumwambia mwenzako jifiche mama yako anakuja. Hakuwa na neno la kodi, wala la ndoa, wala la shinikizo la damu. Alipotaka kumweleza Bibi namna meno yatakavyochemshwa ndani ya plastiki, alisema kitu ambacho Bibi alinitafsiria akifuta machozi ya kicheko: "Anasema atanipikia jiwe laini." Mtu mzima ana mvi, ana kitambi, analipa kodi ya nyumba, lakini lugha yake imevaa kaptura. Bibi alicheka mpaka akachoka. Halafu akauangalia mchele kwa muda bila kuuchambua.

Nikaona ni wakati mzuri wa kumuuliza maana ya lile neno la nyundo. Bibi akajifunika mdomo kwa mtandio. Akauliza nani amenifundisha. Kisha akamwita Baba, na hayo aliyoambiwa Baba aliyaelewa yote, hakuomba kurudiwa.

Siku ya kuchukua kipimo, Baba alimwambia Bibi kwamba ufizi unatakiwa upumzike, kwa hiyo akiwa kliniki asiongee. Sijawahi kumsikia akimwambia hivyo mgonjwa mwingine. Kwa Daktari alimtambulisha akisema, "Huyu ni mama," na si uongo. Kila mwanamke mtu mzima ni mama. Daktari akaamkia, "Shikamoo mama," Bibi akainamisha kichwa, kipimo kikachukuliwa. Wakati huohuo Daktari akatoa kichekesho chake cha mtu wa Juu aliyekwenda kununua kiatu kimoja. Bibi hakuelewa. Baba alicheka.

Kazi yenyewe aliifanya kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Alichagua meno kutoka kwenye sanduku moja moja, akiyainua mwangani. Aliyapanga kwenye nta, akayabomoa, akayapanga tena. Yalipokwisha kuchemshwa na kupigwa msasa yaling'aa, yamebanana, hata uzi usingepita. Mama alifunga kazi mapema siku hiyo akaja kushuhudia. Bibi akavaa.

"Sitini," alisema Baba.

Namba Bibi alizijua vizuri, ni za sokoni. Akaenda sitini na moja, sitini na mbili, akavuka sitini na sita na sitini na saba kama mtu anayevuka kijito alichokizoea, akafika sabini. Hakuna mluzi. Hakuna mate.

"Yamekaa," alisema Baba, kisha akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho mpaka leo sijui ni nini.

Bibi alijitazama kwenye kioo. Alijitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni ambaye umeambiwa ni ndugu yako lakini humkumbuki. "Mazuri," alisema. Halafu akasema anataka kumpigia mdogo wake simu.

"Tutampigia nyumbani, Mama," alisema Baba.

Bibi alikuwa ameshakaa kitako. Baba akawasha mashine, akapiga simu, akaiweka sauti kubwa kwa sababu Bibi hushika simu mbali kama kioo cha mkononi. Bibi akaongea. Simuni ikatoka sauti kali, na Bibi akatugeukia ameduwaa.

"Anasema, wewe nani. Anasema, mbona uko mashine ya unga."

"Ni hii mashine!" alisema Baba kwa furaha kubwa mno, akaizima.

Chumba kikawa kimya. Upande wa pili wa pazia nako kukawa kimya, kimya cha watu wanaosikiliza. Bibi akaongea tena, safari hii kwa kirefu. Jibu likaja.

"Anasema, mama wa mjini, nakuheshimu. Nipe dada yangu."

Bibi akataja kitu, nadhani jina lao la utotoni, maana sauti yake ililegea. Ndiyo kwanza mambo yakaharibika. Bibi Mdogo alipaza sauti, akaanza kulia, tukasikia huko Juu mtu akimtuliza na kuku akikimbizwa.

"Anasema, hata jina hilo kakuambia? Dada yangu mmemfanya nini?"

Bibi akatoa meno yote, ya juu na ya chini, akayaweka mapajani, akaongea kwa ufizi, uji uleule. Kule kukatulia. Ikaja pumzi ndefu tuliyoisikia sote, kisha maneno machache. Safari hii Bibi hakutugeukia kututafsiria, kwa hiyo Baba akatafsiri mwenyewe, na hakupunguza kitu.

"Anasema, ndiye wewe. Anauliza kama yule mwanamke ameshaondoka."

Simu ilipokatwa Bibi aliyafunga meno kwenye leso yake, mafundo mawili, akamkabidhi Baba. Akasema jambo, na Baba akatafsiri.

"Anasema basi la Jumamosi atapanda kama alivyokuja."

"Kwa nini?" nikauliza. "Si kahesabu vizuri?"

Baba alijua kosa lake kabla sijauliza. Alikuwa amempima mama yake kwa mtihani wa mjini. Bibi alikuwa na mwanya, wa upana wa njiti ya kiberiti au pungufu, na lugha ya kule Juu ina upepo. Nusu ya maneno yao hupitia hapo mbele. Ukipaziba, maneno yanatoka yote, yameoshwa, yamepigwa pasi, lakini si ya yule mtu. Bibi Mdogo hamjui dada yake kwa sura. Anamjua kwa upepo huo.

"Sasa si uufungue tu?" nikasema. Nimemwona mara nyingi akikata meno mawili ya mbele na kuyapanga upya, hasa ya watu wanaoangusha meno kwenye sinki.

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Mwanya haukuwa kwenye kipimo. Ufizi haukumbuki. Nikiukosea kidogo, mluzi. Nikiukosea upande wa pili, yaleyale."

Mama akaulizia picha. Picha ya Bibi ipo moja, ya kitambulisho, na amefumba midomo kama anayeshikilia siri ya serikali. Tukamwomba Bibi atuonyeshe upana kwa vidole. Akaonyesha upana wa kupita mbuzi. Akili yake haikuwa hapo. Alikuwa anamtazama Baba mdomoni, na akasema tena ile sentensi fupi ya kituo cha mabasi. Niliitambua kwa mlio wake.

Safari hii sikumuuliza mkalimani. "Bibi, umesema nini?"

Bibi akatafuta Kiswahili, akakitoa polepole kupitia ufizi. "Namuuliza. Mlango wako, nani kafunga?" Akamnyooshea Baba kidole. "Kipimo kipo. Nimemzaa nacho."

Nilitaka kucheka. Baba, mwanya? Kisha nikakumbuka kwamba sijawahi kumwona Baba aking'ata tunda. Yote huyakata kwa kisu, vipande vidogo, kama mgonjwa. Nikakumbuka kwamba hupiga mswaki mlango umefungwa kwa ufunguo, na mimi nilidhani ni ustaarabu. Nikamwangalia Mama. Mama alikuwa ameshashika glasi ya maji. Aliishika kama mtu ambaye ameisubiri siku hiyo kwa miaka na hataki kuonekana ana haraka.

Hapo pazia likafunguka, Daktari akaingiza kichwa. "Fundi, kuna nini? Wagonjwa wananiambia kuna mtu wa Juu analia humu ndani." Akatabasamu. "Angalia vifaa vyako, bwana."

Baba akaanza kile kicheko chake cha kuwahi. Kikafika katikati, kikakata, kama basi lililoishiwa mafuta mlimani. Akalitazama pazia, na miguu ya wagonjwa inayoonekana chini yake. Kisha akaingiza vidole viwili mdomoni, akavuta. Kikatoka kitu kidogo kama punje ya mchele, nusu cheupe nusu cha pinki, na kiwaya huku na huku. Akakidondosha kwenye glasi ya Mama. Tk.

"Daktari," alisema Baba, na s zote zilizofuata zilikuwa na upepo, "samahani sana. Huyu sasa ndiye mama yangu mzazi. Sisi ni watu wa Juu."

Daktari alimtazama mdomoni, kwanza kitaalamu. "Kazi safi," alisema. "Miaka yote hii sijakiona." Kisha habari yenyewe ikamfikia. "Kumbe. Lakini Fundi, mbona hufanani na mtu wa Juu?"

"Nimejitahidi."

Daktari akamgeukia Bibi na kumwamkia upya, kana kwamba ile shikamoo ya kwanza ilikwenda kwa mtu mwingine. Bibi akaitikia, kisha akaongeza maneno mengi. Daktari akamtazama Baba.

"Anasema umemkanda vizuri ufizi, una mikono laini," Baba alitafsiri. "Anasema mimi ni mpumbavu tangu utotoni, lakini nilikuwa nafuata njia nikionyeshwa. Anasema pazia lako limetoboka."

Hakuongeza wala hakupunguza.

Kilichobaki ni kazi. Baba alilainisha nta kwenye moto, akaibana kati ya meno yake mawili ya mbele, akakaa hivyo amekenua mbele yetu wote mpaka ikapoa. Akaitoa: kabari ndogo, nyembamba juu, pana chini. Akakata yale meno mawili ya Bibi, akayasimamisha huku na huku ya kabari. Sufuria ikarudi motoni.

Kesho yake Bibi akavaa tena. "Siti—" alianza Baba kwa mazoea, akasita. Mtihani mwingine hakuwa nao. Kwa lugha yake hakuwa hata na hesabu za kufika huko. Hesabu kubwa alifundishwa mjini. "Mama," alisema mwishowe, "sema chochote."

Bibi hakutaka kusema chochote. Alitaka simu.

Mkono wa Baba ulikwenda kwenye swichi ya mashine wenyewe, kama mkono wa mtu anayejikuna. Ukaishika. Ukarudi mfukoni bila kuiwasha. Yeye mwenyewe alianza kwa kusalimia simuni, kisha akampa Bibi. Bibi akasema sentensi moja, na upepo ukapita mahali pake.

Tukasubiri. Daktari naye alikuwa amesimama paziani na sindano mkononi, ameacha mtu kwenye kiti.

Kisha Bibi Mdogo akafumuka. Aliongea bila kuvuta pumzi, kwa ukali, na Bibi akajibu kwa ukali vilevile, wakawa wanaongea wote wawili kwa pamoja, Bibi akipiga paja, meno yametulia mdomoni kama yamezaliwa humo.

"Vipi?" Daktari akanong'ona. "Kamtambua?"

Baba alikuwa anasikiliza mdomo wazi, mwanya nje. "Wanagombana," alisema. "Ni ufunguo wa ghala. Dada kaondoka nao." Akajifuta jicho kwa aproni yenye plasta, likabaki na duara jeupe. "Halafu anauliza, yule mwizi wa mayai karudi lini? Amenisikia hapo mwanzo."

Bibi aliondoka Jumamosi na ufunguo wake. Kliniki ikaendelea. Mwanamke mmoja alisema meno yake atayafanyia kwingine, hakutoa sababu, na hakuna aliyemuomba. Mstaafu mmoja ambaye hushinda benchini hata akiwa haumwi alisema yeye alijua siku nyingi. Hakujua. Daktari bado ana vichekesho vyake, ila sasa husema kwanza, "Fundi, ziba masikio." Baba hawahi tena kucheka. Anasema viwili kati yake ni vizuri kweli, na hivyo huvicheka kwa wakati wake. Simu za Juu anazipokea mashine imezimwa. Bibi Mdogo amejipa kazi ya kumfundisha maneno ya watu wazima, na ni mwalimu mkali. Wiki nzima walikuwa kwenye neno la deni. Mimi ananipa makombo. Nimeshajua jinsi ya kusalimia, na jinsi ya kusema sijui.

Waya wangu wa kulalia upo kwenye glasi. Baba hajaniuliza tangu siku ile, na mimi sijamkumbusha. Aliwahi kuniambia kwamba meno hayasahau yalikotoka, ukiyaachia yanarudi yenyewe taratibu. Wiki iliyopita uzi ulipita.

Juzi alikuja mzee wa tai na begi la ngozi kujaribu meno yake. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mtangazaji wa redio. Siku hizi kabla ya mtihani Baba huuliza swali moja.

"Mzee wangu, nyumbani mlikuwa mnaongea nini?"

"Kiswahili tu," alisema yule mzee, haraka.

"Haya. Sitini."

Akahesabu mpaka sabini, safi, bila doa. Mimi nilikuwa nasubiri ile "yamekaa" ili nimpe kioo. Baba hakuisema. Alikaa kwenye stuli yake, mikono magotini, akamtazama kwa upole. Yule mzee akarekebisha tai. Akalitazama pazia, na ile miguu chini yake. Akanitazama mimi. Mwisho akautazama mwanya wa Baba, kwa muda.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "pale nje kuna watu."

Baba akanigeukia.

"Washa mashine," alisema.